Usimkatie Tamaa Geko Aliyekung'ata

Mfugaji mwenzangu, weka simu chini kwanza. Usitangaze kwamba unamtoa bure kwa yeyote amtakaye, wala usimfungashe kumrudisha dukani. Geko wako aliyekuwa akipanda kiganjani kila jioni sasa anatunisha mgongo, anapiga ukelele na kuurukia mkono wako. Juzi alikuwa mpole, leo amekung'ata. Inauma kukataliwa na kiumbe unayemlisha na kumnywesha wewe mwenyewe. Hata hivyo nakuomba, tena nakuomba kwa moyo wangu wote, usifanye uamuzi wowote leo. Mnyama huyu hajakusaliti. Kuna jambo limebadilika katika mwili wake au katika kasha lake, na hakuna mtu aliye karibu naye kuliko wewe wa kuligundua jambo hilo. Una uwezo wa kulitafuta na una uwezo wa kulirekebisha. Ndiyo maana naandika.

Nazungumzia hasa geko chui, yule wa manjano mwenye madoa meusi, ambaye ni miongoni mwa mijusi wanaofugwa zaidi Marekani na Ulaya, hata katika nyumba za ndugu zetu walioko ughaibuni, ambako mtoto aliomba mnyama na mzazi akaona bora mjusi kuliko mbwa. Asili yake ni nyanda kame na vilima vya mawe vya Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Ana undugu na mjusi kafiri wa kwenye dari zetu, ila yeye hana vidole vya kunata ukutani, na ana kope anazofumba na kufumbua. Akitunzwa vyema huishi miaka 15 hadi 20. Maana yake, mtoto aliyempata akiwa darasa la pili anaweza kuhitimu chuo kikuu naye bado yu hai. Mbele ya umri huo, wiki chache za ukali ni kitu gani? Usiziruhusu zikunyang'anye miaka yote iliyobaki.

Wengi wetu tulikulia katika nyumba ambamo mjusi alikuwa wa kufukuzwa kwa ufagio. Kwa hiyo anapong'ata mara moja tu, sauti ya kwanza ndani ya nyumba husema: mtupeni nje. Ikatae sauti hiyo. Geko chui akitupwa nje kwenye baridi ya Ulaya au ya kaskazini mwa Marekani anakufa. Uingereza, sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inamtaka mwenye mnyama kumtimizia mahitaji yake, naye mtambaazi wa kufugwa yumo katika sheria hiyo. Lakini hata pasipokuwa na sheria, tulimchukua sisi, hakutuomba.

Ujasiri unadaiwa kwako

Geko chui mzima huwa na uzito wa takriban gramu 45 hadi 80. Mchukue wa gramu 70, umweke mbele ya mtu wa kilo 70: mtu huyo anamzidi mara 1,000. Kwa uwiano huohuo, wewe ungekuwa unanyanyuliwa na kiumbe mzito kuliko tembo kumi kwa pamoja, tena anayeshuka kutoka juu bila hodi. Porini, kinachomshukia mjusi kutoka juu ni ndege mla nyama, na anayechelewa kujitetea huliwa. Mkono wako unapoingia kwa juu, mwili wake unakumbuka hilo kabla hajakutambua kuwa ni wewe.

Na meno yake? Ni madogo mno. Hana sumu, na mara nyingi hata ngozi haitoboki. Wewe unapata mshtuko wa dakika moja. Yeye anadhani anapigania roho yake. Katika chumba hicho ni mmoja tu anayeweza kuchagua kutulia, naye ni wewe. Kwa hiyo chagua kutulia.

Akikung'ata, usiuvute mkono kwa nguvu, maana unaweza kumuumiza taya. Ushushe taratibu mpaka aguse sakafu ya kasha, utulie, naye ataachia mwenyewe. Usimpige, usimfokee, usimpulizie maji, usimfinye kichwa. Adhabu haimfundishi mjusi adabu. Inamthibitishia tu kwamba mkono ni adui. Usimshike mkia kamwe, kwa sababu anaweza kuukata na kukuachia ukichezacheza mkononi. Mkia utaota tena, ila hautarudi kuwa na umbo lake la kwanza, na pamoja nao huondoka akiba ya mafuta aliyoikusanya kwa miezi. Kisha nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwani watambaazi wanaweza kubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima kabisa. Mamlaka za afya za Marekani hushauri watoto walio chini ya miaka mitano wasiwaguse kabisa wanyama hawa. Mzazi, hilo ni jukumu lako, lisimamie.

Msome kabla hajatumia meno

Mara chache sana geko hung'ata bila kuonya. Shida ni kwamba onyo lake halina kelele, nasi tuna haraka. Mkia ukiinuka na kupungwa polepole upande huu na upande ule, miguu ikikakamaa na mgongo ukitunishwa, anakwambia usimsogelee. Ukisimama, mambo yanaishia hapo kwa amani. Ukiendelea, atatoa sauti kali, kisha atakurukia. Anayejifunza kusimama mkia unapoinuka hupunguza idadi ya kung'atwa bila kutumia dawa wala kifaa chochote.

Kuna kung'ata kwa aina nyingine ambako watu hukudhania kuwa ni ukali, kumbe ni njaa. Hapa hakuna mgongo uliotunishwa. Anakukodolea kidole, anakinyemelea, ncha ya mkia inatetemeka kwa kasi, kisha anadaka. Amekosea tu: kidole kimefanana na funza, au kina harufu ya nyenje uliowashika punde. Dawa yake ni nyepesi. Mlishe kwa kibano au kwa bakuli, wala usimlishe kwa vidole. Nawa mikono kabla ya kumshika. Na usimtoe kashani saa yake ya kula ilipofika. Ukiweza kuutenganisha ung'ataji wa hofu na ule wa njaa, umeshavuka nusu ya mto.

Kikulacho ki nguoni mwako

Sasa njoo kwenye kasha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na ukali wa ghafla mara nyingi chanzo chake kipo ndani ya vioo hivyo vinne au hatua chache kutoka hapo. Jiulize bila kujionea huruma: katika wiki mbili zilizopita, nini kimebadilika?

Anza na joto. Geko hatengenezi joto la mwili wake, analiazima. Upande wa joto wa kasha, sakafu inapaswa kuwa kama nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa baridi kama nyuzi 24 hadi 26. Kukiwa na baridi sana, chakula hakisagiki tumboni naye anadhoofika. Kukiwa na joto kupita kiasi, anahangaika na anaweza kuungua tumbo. Usikisie kwa kiganja. Weka kipimajoto chenye kihisio sakafuni, na mkeka wa joto uunganishwe na themostati. Wengi huhangaika mwezi mzima na mnyama mkali, kumbe mkeka uliharibika zamani, au majira ya baridi yameingia na chumba kizima kimepoa.

Tazama maficho. Anahitaji pango upande wa joto, pango upande wa baridi, na pango la tatu lenye unyevunyevu. Geko asiye na pa kujificha hukaa macho saa zote akisubiri kushambuliwa, na anayesubiri kushambuliwa hushambulia kwanza. Kama umeondoa pango ili upate kumwona vizuri, lirudishe leo.

Tazama ngozi yake. Geko mzima hujivua gamba takriban kila wiki nne hadi sita, na mdogo hufanya hivyo mara nyingi zaidi. Siku hizo hufifia rangi na kuwa mweupe kama aliyepakwa unga, haoni vizuri, na ngozi yake haitaki kuguswa. Baadaye huivuta kwa mdomo na kuila. Mwache. Gamba likishatoka, kagua vidole na kope. Ngozi kuukuu iliyobaki kwenye kidole hukaza siku hadi siku mpaka ikate damu isifike, naye kila ukimgusa anaumia. Maji ya uvuguvugu yasiyopita kina cha vidole, na pango lile lenye unyevu, huilainisha ikatoka bila kulazimishwa.

Halafu nusa mikono yako. Geko huonja dunia kwa ulimi, na harufu ya paka, ya mjusi mwingine au ya mafuta mapya ya kujipaka inaweza kukufanya mgeni machoni pake. Chungulia vilevile kile anachokiona yeye: labda paka anayelala akimtazama kupitia kioo, labda taa mpya inayompiga usoni, labda spika iliyosogezwa kando ya kasha ikitetemesha sakafu yake usiku kucha. Rudisha mambo yalivyokuwa, jambo moja baada ya jingine, na uandike siku gani ulibadilisha nini. Daftari la shilingi chache litakuambia mengi ambayo kumbukumbu yako itayasahau.

Damu ya ujana na msimu wa uzazi

Ikiwa kasha halina kasoro, tazama umri. Geko mchanga huwa mwoga na mwepesi wa kupiga kelele, kwa sababu kila kitu duniani kinaweza kumla. Wengi hutulia wanapokua. Kisha, anapokaribia mwaka mmoja, homoni huingia. Dume huanza kutetemesha mkia anaponusa geko mwingine, hupaka harufu yake kila mahali na kulinda mipaka yake. Jike anapopevusha mayai kwa mara ya kwanza anaweza kususia chakula kwa wiki kadhaa na kutotaka kuguswa, hata kama hajawahi kukutana na dume. Katika nchi za kaskazini hali hiyo hujitokeza zaidi baridi inapoelekea kwisha na katika machipuko. Hupita. Kazi yako ni kupima uzito wake kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, kumpunguzia kushikwashikwa, na kusubiri.

Jike anaweza kutaga hata bila dume, kwa kawaida mayai mawili kwa mara moja. Ukimwona anachimba kila kona, muwekee kisanduku cha udongo au kuvumwani chenye unyevu. Ikiwa anajikamua bila yai kutoka, usilale ukisubiri asubuhi ijayo. Hiyo ni dharura ya daktari.

Na kama umewaweka wawili pamoja, watenganishe leo hii. Madume wawili hupigana hadi kuuana. Dume na jike wakikaa pamoja muda wote, jike hapati pumziko. Hata majike wawili wanaoonekana kulala pamoja kwa upendo, huenda mmoja anamnyima mwenzake joto na chakula. Geko chui haoni upweke kama unavyouona wewe; kasha la peke yake kwake ni neema. Usingoje damu ndipo uamini.

Ukali unapokuwa kilio

Kuna ukali ambao subira pekee haitautibu. Mnyama mwenye maumivu hawezi kusema anaumwa, kwa hiyo humkataza kila mtu kumgusa. Upungufu wa kalisi na vitamini D3 hulainisha mifupa: taya inakuwa laini, miguu inapinda, mwili unatetemeka. Mkia unaokonda unasema akiba inaliwa. Jicho lisilofunguka, kinyesi kisichotoka, tumbo lililovimba, kukataa chakula huku uzito ukishuka: ukiona lolote kati ya haya pamoja na ukali mpya, mpeleke kwa daktari wa wanyama, tena anayetibu watambaazi, maana si kila daktari wa mbwa na paka amewahi kumtibu mjusi. Beba daftari lako, beba picha ya kasha, beba kinyesi kibichi kwenye kikopo safi. Usione aibu kulipia matibabu ya mnyama aliyegharimu fedha kidogo. Bei uliyomnunulia haikuwa kipimo cha maumivu yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame

Umetengeneza kasha, umepita msimu, daktari amemkagua. Sasa anza kuujenga upya urafiki, na uanze kwa kuinama. Usiingize mkono kutoka juu. Uingize kwa upande, chini, kiganja kikitazama juu, uulaze sakafuni mbali naye kidogo. Fanya hivyo jioni, maana geko chui huamka jua linapozama. Siku za kwanza usimguse kabisa. Dakika tano, kisha toa mkono. Mwache aulambe, auchunguze, auzoee, hata aupuuze. Akiinua mkia, tulia pale pale mpaka aushushe, ndipo utoe mkono polepole. Ukiuchomoa kwa ghafla kila anapotisha, unamfundisha kwamba kutisha kunafaa.

Akianza kukanyaga kiganja kwa hiari yake, usikifunge. Mwache ashuke anapotaka. Baada ya hapo unaweza kumnyanyua kwa kumwekea kiganja chini ya kifua na tumbo, ukiwa umeketi sakafuni, kwa sababu hana vidole vya kunata na akianguka huumia. Dakika chache zinatosha. Mrudishe angali mtulivu, usisubiri achoke. Siku anayojivua gamba, siku aliyokula sana, siku wewe mwenyewe umekasirika, acha. Na geko aliyehamia nyumbani kwako juzi mpe wiki moja au mbili za kuachwa kabisa, apewe chakula na maji tu.

Itakuja siku utarudi nyuma. Atakaa vizuri jioni nne, ya tano atakurukia. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo nataka wewe usimame imara. Rudi hatua moja, mkono sakafuni, anza tena. Kila jioni ambayo mkono uliingia na hakuna baya lililotokea inabaki ndani yake, hata kama wewe huioni.

Mpende alivyo

Je, na kama hatapenda kushikwa kamwe? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, katika maabara ya David Crews, walionyesha kwamba joto la yai la geko chui huamua jinsia, na huacha alama hata kwenye tabia. Mayai ya nyuzi 26 hutoa karibu majike watupu, ya nyuzi 32.5 hutoa madume kwa wingi, na majike wachache wanaotoka kwenye joto la juu huwa wakali kuliko majike wa joto la chini. Kumbe kuna hulka ambayo geko huingia nayo duniani kabla hajakuona. Haikudai wewe chochote ila heshima. Geko anayekula vizuri, mwenye mkia mnene, anayetoka pangoni jioni bila woga hata ukiwa umekaa karibu, huyo amefanikiwa, nawe umefanikiwa, hata asipokanyaga kiganja chako maisha yake yote.

Heshima hiyo ianze hata kabla ya kununua. Geko tokei wa Asia ya kusini-mashariki ni mkubwa, hung'ata na kung'ang'ania, na wengi wanaouzwa walikamatwa porini. Hofu yao ina sababu. Chagua mnyama aliyezaliwa mikononi mwa wafugaji. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna deni la ziada hapa. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, yuko geko mdogo wa buluu ing'aayo anayeishi kwenye mikadi ya msitu huo na ya vipande vichache vya misitu jirani, na hapatikani kwingine duniani. Alikamatwa kwa maelfu kupelekwa ng'ambo, mikadi ikikatwa ili afikiwe, mpaka mwaka 2017 mkataba wa CITES ukampa ulinzi wa juu kabisa dhidi ya biashara ya kimataifa. Uzuri wake ndio ulioponza maisha yake. Tusiwe watu wa kupenda mnyama kwa macho tu, kisha akituonyesha meno tunamtupa na kununua mwingine.

Basi inuka. Usiku huu huu pima joto la pande zote mbili, hesabu mapango, kagua vidole vyake kwa tochi bila kumgusa, nusa mikono yako, na uandike tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kesho mpime uzito. Keshokutwa laza mkono sakafuni kwa dakika tano. Kama kuna mtoto nyumbani, mkalishe kando yako aone mtu mzima akikataliwa na asilipize, akitafuta sababu na kurudi tena kesho yake. Atakutana na watu wakali maishani kabla hajakutana na mijusi wengine, naye atajua la kufanya. Hakuna unachokikosa ili uanze. Chukua kipimajoto, uanze sasa!